Buffalo, Columbus na Louisville: Kazi ya Kwanza na Kazi ya Pili



Ndugu wasomaji, miaka hii hapana karamu ya arusi wala khitma tunayohudhuria bila ya kusikia mazungumzo ya kuhama. Kodi ya nyumba katika miji mikubwa imefikia kiwango ambacho mishahara ya watu wawili haitoshi kuilipa na kubakisha cha kupeleka nyumbani. Basi kila mtu hutaja mji mdogo zaidi ambao shemeji yake, au mtu aliyekuwa naye kambini, amekwisha kuuhamia. Miji mitatu ndiyo tunayoisikia zaidi katika jumuiya yetu: Buffalo katika jimbo la New York, Columbus katika Ohio, na Louisville katika Kentucky. Na swali huwa ni moja tu: huko kazi zipo?

Kazi zipo. Jibu hilo lingeweza kutolewa kwa simu. Tulipojaaliwa kuwazuru jamaa katika miji yote mitatu tulikwenda na swali la pili, ambalo kwa maoni yetu lina uzito mkubwa zaidi: mtu aliyepata kazi ya kwanza mjini hapo, ile ya kubeba maboksi, kufagia au kukatakata kuku, huipata wapi kazi ya pili, na baada ya muda gani? Kazi ya kwanza hulisha familia. Lakini ni kazi ya pili inayomwezesha baba kulala usiku, mama kuhudhuria darasa, na mmoja wao kuwepo nyumbani watoto wanaporudi kutoka skuli. Upo mji unaompa mgeni kazi wiki ya kwanza aliyowasili, kisha ukamwacha pale pale kwa miaka kumi na tano.

Buffalo iko kaskazini, kwenye ncha ya mashariki ya ziwa Erie, na ng'ambo ya mto Niagara ni nchi ya Kanada. Ukifuata ufuko wa ziwa kuelekea kusini-magharibi kwa mwendo wa saa tatu hivi unafika Cleveland, na hapo ndipo inapoanzia barabara kuu nambari 71, ambayo hupita Columbus, hupita Cincinnati, na kwenda kukomea Louisville kando ya mto Ohio. Mwenye gari zima huweza kuimaliza njia yote kwa siku moja. Sisi tuliigawa kwa siku kumi.

Tuanze na Buffalo, mji uliokuwa tajiri kisha ukafukarika. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, nafaka ya mikoa ya maziwa ilipitia hapo kwenda New York. Baadaye ukaja uhunzi wa chuma. Mwaka 1950 wakazi wake walihesabiwa kuwa 580,132. Mwaka 2010 walikuwa wamebaki 261,310. Sensa ya mwaka 2020 ikawakuta 278,349, nalo lilikuwa ongezeko la kwanza kwa muda wa miaka 70. Sehemu kubwa ya sababu ni wageni: Waburma, Wabengali, Wasomali, Wairaki na Wakongo. Katika mtaa wa Grant, upande wa magharibi, msikilizaji hupata Kiswahili cha Bukavu na Uvira dukani bila ya kukitafuta. Upande wa mashariki, mahali walipoishi Wapoland, baadhi ya makanisa yaliyoachwa yamegeuka nyumba za ibada zetu. Masjid Zakariya, katika mtaa wa Sobieski, ilikuwa kanisa la Kipoland, na Jami Masjid ya mtaa wa Genesee vile vile ilikuwa kanisa. Tuliswali Adhuhuri chini ya dari refu la waliokuwa wageni kabla yetu.

Jambo ambalo tungependa wasomaji walitafakari liko maili chache kusini, katika mji mdogo wa Lackawanna. Huko Wayemeni walifika tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kufanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel. Sisi watu wa pwani tunawafahamu watu hawa. Ndugu zao ndio Washihiri waliofungua maduka Mombasa, Lamu na Unguja. Kiwanda kilipokuwa katika nguvu zake kiliajiri takriban watu 20,000, na mshahara wake ulikuwa wa kutamanika. Mwaka 1983 tanuri zilizimwa. Mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka ishirini na mitano mbele ya moto alijikuta mlangoni na ujuzi ambao hapana kiwanda kingine cha karibu kilichouhitaji, na Kiingereza chake kilikuwa kile kile cha mwaka aliowasili, kwani kiwandani alizungukwa na wenziwe. Wengi waliobaki waliingia katika biashara ya maduka ya vitongoji. Waliojenga msikiti na kuendesha maduka hayo wanastahiki heshima, lakini miaka ishirini na mitano si kipindi kidogo cha kungoja kazi ya pili.

Leo kazi za Buffalo zimo zaidi katika hospitali, vyuo, serikali na benki. Ipo Kaleida Health, ipo hospitali ya saratani ya Roswell Park, kipo Chuo Kikuu cha Buffalo, na benki ya M&T ina makao makuu mjini humo. Viwanda havikwisha kabisa: General Motors hutengeneza injini Tonawanda, na Ford ina kiwanda cha kupondea mabati ya magari kusini mwa mji. Kipo pia kiwanda cha Tesla, kilichojengwa kwa karibu dola bilioni 1 za fedha za jimbo, mahali palipokuwa na kiwanda kingine cha chuma. Kilitangazwa kuwa cha mitambo ya umeme wa jua, na kazi zake zimebadilika aina tangu wakati huo. Kima cha chini cha mshahara katika sehemu hiyo ya jimbo ni dola 16 kwa saa tangu Januari 2026. Kumbukeni takwimu hiyo, tutairudia.

Njia ya kazi ya pili katika Buffalo ni ya polepole, lakini imeandikwa. Kazi nyingi za mji na za wilaya ya Erie hupatikana kwa mitihani ya utumishi wa serikali, ambayo hutangazwa hadharani na mtu hupangwa kwa alama zake. Hilo ni jambo jema kwa mgeni asiyekuwa na mjomba ofisini. Tuliwakuta wafagiaji wa hospitali wasiojua kwamba mitihani hiyo ipo. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2011 mji una mpango uitwao Say Yes Buffalo, unaowasaidia wanaohitimu katika skuli za mji kulipa ada ya chuo. Kwa familia yenye watoto wanne wa skuli, mpango huo huenda ukawa na thamani kubwa kuliko tofauti yoyote ya mshahara.

Nyumba zake ni za zamani. Hilo huonekana kuwa faida mpaka mtu atambue kwamba rangi za kale zina madini ya risasi, na mtoto anayetambaa akilamba vumbi lake hudhurika akili kwa namna isiyorekebika. Kabla ya kutia saini mkataba, mwulizeni mwenye nyumba habari za rangi, na mtoto mdogo apimwe damu. Na baridi si hadithi. Tufani ya theluji ya Disemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika eneo hilo, baadhi yao wakiwa wamekwama ndani ya magari. Bosi akisema njoo na serikali ikisema barabara zimefungwa, barabara zimefungwa.

Tukaiacha Buffalo, tukapita Cleveland bila ya kukawia, tukateremka Columbus. Hapa mandhari hubadilika: mji haukuwahi kufukarika, unapanuka tu. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu 787,033, na ya mwaka 2020 watu 905,748. Ni makao makuu ya jimbo, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Ohio State, na ndipo yalipo makampuni makubwa ya bima na benki. Wasomali wa Columbus ni wa pili kwa wingi Marekani baada ya wale wa Minneapolis; katika barabara za Cleveland na Morse, kaskazini ya mji, mtu huweza kuishi mwaka mzima bila ya kununua kitu kwa asiyekuwa Mwislamu. Wamo miongoni mwao Wazigua waliotoka bonde la mto Juba, ambao asili ya mababu zao ni Tanga, na wamo Wabarawa, ambao Chimiini chao ni ndugu wa Kiswahili chetu. Mwaka 2022 Wasomali wawili, mwanamke na mwanamume, walichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo.

Kazi ya kwanza katika Columbus ni ghala. Kusini-mashariki ya mji, karibu na uwanja wa ndege wa mizigo wa Rickenbacker, na katika vitongoji vya Groveport na Obetz, yamejengwa maghala ambayo mwisho wake hauonekani kwa mtu aliyesimama mlangoni. Sababu ni mahali mji ulipo: wenyeji hujivunia kwamba lori likitoka hapo huwafikia nusu ya watu wa Marekani kwa safari ya siku moja. Kazi hizo hupatikana upesi, mara nyingi kupitia kwa mawakala wa vibarua, nao ndio tunaotaka watu wajihadhari nao. Mtu huambiwa kwamba baada ya siku tisini ataajiriwa na kampuni yenyewe. Siku ya themanini na tano huambiwa kazi imepungua, akapelekwa ghala jingine kuanza kuhesabu upya. Si mawakala wote wafanyao hivyo. Lakini mwulizeni aliyetangulia: katika ghala hilo, ni wangapi walioingia kwa wakala na leo wana bima ya kampuni? Kama hakuna hata mmoja anayeweza kumtaja, jibu mmelipata.

Kima cha chini cha Ohio ni dola 11 kwa saa tangu Januari 2026, ingawa maghala hulipa zaidi ya hapo. Tena kuna kodi ya mji, asilimia 2.5 ya mshahara, ambayo mgeni huiona katika hati yake ya malipo na kudhani ameibiwa.

Wenye haraka hukimbilia malori. Tumewaona vijana wa Columbus waliotoka ghalani wakaingia katika udereva wa masafa, na wapo waliofanikiwa kweli kweli. Hata hivyo mambo mawili yatazamwe. La kwanza, tangu tarehe 25 Juni 2025, dereva wa lori anayeshindwa kuzungumza Kiingereza na mkaguzi barabarani husimamishwa papo hapo, hata kama leseni yake ni halali. La pili ni ile mikataba ya kukodi lori kwa nia ya kulinunua, ambapo dereva hulipa kila wiki, akose mzigo asikose, na akishindwa hupoteza lori pamoja na alichokwisha kulipa. Kikosi cha wataalamu kilichoundwa na serikali kilipendekeza Januari 2025 kwamba mikataba ya aina hiyo ipigwe marufuku. Mbali na suala la riba, ambalo linawahusu masheikh wetu, hiyo ni hesabu mbaya hata kwa asiyekuwa na dini.

Hatuwezi kuiacha Columbus bila ya kutaja Intel. Januari 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingejenga viwanda vya vipande vya kompyuta karibu na New Albany, kaskazini-mashariki ya mji, kwa dola bilioni 20 na ajira za kudumu 3,000, na kwamba cha kwanza kingeanza kazi mwaka 2025. Habari zilienea hata Dadaab na Kakuma. Februari 2025 kampuni ikasema kiwanda cha kwanza hakitakamilika kabla ya mwaka 2030. Wajenzi walipata kazi, na waliokuwa na nyumba za kukodisha walipata faida. Waliokuja kwa ajili ya kiwanda chenyewe wakaishia ghalani. Kazi iliyotangazwa gazetini na kazi yenye mtu anayeifanya leo ni vitu viwili mbalimbali, na anayehama na watoto hana budi kuihesabu ya pili peke yake.

Ngazi tuliyoiona ikipandwa kweli katika Columbus ni ya uuguzi. Kozi ya msaidizi wa wauguzi ni ya saa 75 tu, na nyumba za wazee huajiri baada ya mtihani wa jimbo. Hiyo ni kazi ya kwanza ngumu, ya kunyanyua watu na kusafisha, na mshahara wake si wa kujivunia. Lakini aliyeianza yumo tayari ndani ya jengo ambalo ngazi yake inaonekana, na chuo cha Columbus State kimo katikati ya mji. Tuliketi na mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Kivu, aliyeanza kwa kozi hiyo, akasoma usiku kwa miaka sita, na sasa ni muuguzi kamili. Tulimwuliza kilichomsaidia zaidi. Akasema, "Mwalimu, mume wangu alikubali kupika."

Barabara nambari 71 inaendelea kusini, inavuka mto Ohio pale Cincinnati, na baada ya saa moja na nusu nyingine inafika Louisville. Huu ni mji wa Muhammad Ali. Alizaliwa hapo mwaka 1942, sala ya jeneza yake ilisaliwa hapo tarehe 9 Juni 2016 mbele ya maelfu ya watu, na uwanja wa ndege una jina lake tangu mwaka 2019. Wakongo humkumbuka kwa pigano la Kinshasa la mwaka 1974. Sisi tuliokuwa vijana Tanzania tunamkumbuka alipotumwa na Rais Carter, mwaka 1980, kutushawishi tususie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tukirudi katika mada, ni kwenye uwanja huo huo wa ndege ndipo ilipo kazi ya kwanza ya Louisville.

Kampuni ya UPS ilianzisha kituo chake hapo mwaka 1982, na mwaka 2002 ikafungua jengo liitwalo Worldport. Usiku ndege hushuka moja baada ya nyingine, vifurushi hupakuliwa, hupitishwa juu ya mikanda kwa kasi ya zaidi ya 400,000 kwa saa, na hupakiwa tena kabla ya mapambazuko. Ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote mjini. Kwa mkataba wa chama cha wafanyakazi wa mwaka 2023, anayeanza kazi ya nusu siku hulipwa si chini ya dola 21 kwa saa. Anayesikia hivyo Kakuma au Minneapolis hufunga mizigo. Lakini maneno "nusu siku" yasomwe polepole. Zamu ni kiasi cha saa tano za usiku hadi saa kumi za alfajiri, na saa zenyewe aghalabu ni nne au zaidi kidogo. Dola 21 mara saa 20 kwa wiki ni dola 420, kabla ya kodi ya serikali kuu, ya jimbo na ya mji, na hii ya mji peke yake ni asilimia 2.2 kwa mkazi. Hiyo si riziki ya familia ya watu sita. Ndiyo maana wengi huongeza kazi ya mchana, na hulala vipande vipande, kama baharia.

Sisi tuliofundisha miaka mingi tunamtambua mtoto ambaye wazazi wake hupokezana mlangoni. Hafanyi utundu. Hujilea, huwalea wadogo zake, hutia saini barua za skuli kwa niaba ya baba yake, na darasani husinzia saa nne za asubuhi. Katika Louisville kuna sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili: siku ya kwanza ya masomo, Agosti 2023, mabasi ya skuli yalivurugika hata baadhi ya watoto wakafikishwa nyumbani karibu saa nne za usiku, na mwaka uliofuata skuli nyingi za masomo maalumu ziliondolewa mabasi kabisa. Mabasi ya abiria ya mji nayo yamepunguziwa safari. Baba anayerudi alfajiri ndiye anayetakiwa kushika usukani saa moja ya asubuhi. Anayehamia huko achague skuli na nyumba kwa pamoja.

Pamoja na hayo yote, katika safari nzima hatukuona daraja lililo wazi zaidi kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili kuliko lile la Louisville. Tangu mwaka 1998 UPS, mji, jimbo na vyuo wana mpango uitwao Metropolitan College, ambao humlipia ada mfanyakazi wa zamu ya usiku anayesoma katika Chuo Kikuu cha Louisville au katika chuo cha Jefferson. Si mkopo. Masharti ni kubaki kazini na kufaulu. Kwa kijana wa miaka kumi na tisa anayeishi kwa wazazi wake, saa nne za usiku kwa miaka minne ni bei nafuu sana ya shahada isiyokuwa na deni wala riba. Basi kazi ile ile isiyomfaa baba wa watoto watano ndiyo inayomfaa mwanawe mkubwa, na familia kadhaa tulizozitembelea zimepanga hivyo: mtoto Worldport, baba kiwandani mchana.

Na viwanda vipo. Ford ina viwanda viwili mjini. Agosti 2025 ilitangaza kukibadilisha kimoja, kwa karibu dola bilioni 2, kitengeneze magari ya umeme. Ajira zitakazobaki humo ni 2,200, pungufu ya zilizokuwepo. General Electric Appliances, ambayo tangu mwaka 2016 ni mali ya kampuni ya Haier ya China, ilitangaza Juni 2025 kuhamishia hapo utengenezaji wa mashine za kufulia na kuongeza watu 800. Tumekwisha kusema maoni yetu juu ya matangazo. UPS yenyewe, mwaka huo huo, ilipunguza makumi ya maelfu ya kazi nchini kote. Na kima cha chini cha Kentucky ni dola 7.25, hakikubadilika tangu mwaka 2009. Ilinganisheni na dola 16 za Buffalo. Kiwanda kikifungwa, anayeanguka Kentucky huanguka kutoka juu zaidi.

Mwislamu anayetafuta kazi Louisville ataulizwa na nafsi yake swali jingine. Mtaa wa Butchertown una historia ndefu ya kuchinja nguruwe, na kampuni ya JBS imekuwa na kiwanda cha nyama hiyo huko. Tena Kentucky ndiyo nchi ya pombe iitwayo bourbon, na makampuni yake huajiri wapishi, wapakiaji, madereva na mafundi wa mapipa. Wakala wa vibarua hatomweleza mtu mapema. Atasema "kiwanda cha chakula" au "ghala la vinywaji". Ulizeni kinachopakiwa. Wala hiyo si riziki ya uhakika kama wanavyodhani wanaoitetea kwa dharura: kampuni ya Brown-Forman ilikifunga kiwanda chake cha mapipa mjini humo mwaka 2025, na watu wapatao 210 wakaathirika.

Juu ya sala, sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 humtaka mwajiri amfanyie mfanyakazi wepesi kwa ajili ya dini yake, na Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliutia nguvu wajibu huo, katika kesi ya Mkristo wa posta aliyekataa kazi ya Jumapili. Sasa mwajiri lazima athibitishe kwamba wepesi huo ungemgharimu kwa kiasi kikubwa. Disemba 2015 kiwanda cha nyama cha Cargill huko Fort Morgan, Colorado, kiliwaachisha kazi Waislamu wapatao 150, wengi wao Wasomali, baada ya mgogoro wa sala. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5. Ombeni kwa maandishi, baada ya kuajiriwa na kabla ya ugomvi, na nakala muiweke. Tuongeze faida ndogo ya Louisville: mji uko magharibi ya ukanda wa saa zake, na katika Januari jua huchomoza karibu saa mbili za asubuhi, hivyo mfanyakazi wa usiku hufika nyumbani kabla ya Alfajiri kuingia. Na Ramadhani inazidi kusogea kwenye majira ya baridi.

Iko kazi moja ya pili iliyomo katika miji yote mitatu, na sisi tumeishika mikononi bila ya kuithamini: lugha. Hospitali, mahakama na skuli zinahitaji wakalimani wa Kiswahili, na sheria inazitaka hospitali zimpatie mgonjwa mkalimani. Kusema lugha mbili peke yake hakutoshi. Hutakiwa mafunzo, kwa kawaida ya saa 40, na anayetaka cheti cha taifa hufanya mtihani. Tumesikitika kuona mtoto wa miaka kumi na miwili akimfasiria mama yake maneno ya daktari wa uzazi, ilhali mtaani kwao wako walimu wawili wa Kiswahili waliosoma chuo kikuu, wote wapakiaji wa maboksi.

Walimu hao, na wengine wenye shahada za Makerere, Dar es Salaam, Nairobi, Lubumbashi au Bujumbura, wasifunge safari kabla ya kuzifanyia shahada zao tathmini. Kazi hiyo hufanywa na mashirika maalumu, huchukua miezi, na chuo cha kule nyumbani lazima kitume nakala chenyewe. Afadhali barua ziandikwe sasa, ungali na anuani moja. Vile vile mwenye kibali cha kazi cha muda akitazame tarehe yake: kwa maombi yaliyopelekwa tangu tarehe 30 Oktoba 2025, kibali hakirefushwi tena chenyewe wakati ombi jipya likingoja, na mwajiri humsimamisha mtu siku kinapokwisha. Anayehama apeleke taarifa ya anuani mpya kwa idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, kabla hata ya kufungua maboksi ya vyombo.

Mwisho, kalenda. Skuli za Louisville hufungua katika nusu ya kwanza ya Agosti, za Columbus baadaye mwezi huo huo, na za Buffalo Septemba. Anayefika Oktoba hupewa skuli iliyobaki. Aliye tayari kwenda mwaka huu amtangulize mtu mmoja Juni, alale kwa jamaa, afanye kazi ya kwanza kwa wiki sita, na katika muda huo amwulize kila atakayekutana naye msikitini: wewe ulianzia wapi, na leo uko wapi?

Wassalaam.